Mwanamichezo gani wa Kanada kaacha alama inayofanya kazi mpaka leo?

Ticha_Pasua
Habari zenu wadau. Mi ni mwalimu wa michezo hapa Moshi, nina vijana wa riadha shuleni na kila ijumaa tukimaliza mazoezi tunakaa chini naongea nao kuhusu wanamichezo wa nchi moja. Kenya tumemaliza, Ethiopia na Jamaika pia, na wa kwetu Bayi, Ikangaa na Simbu wanawajua vizuri kabisa. Sasa ijumaa hii ni Kanada na nimekwama. Namjua Gretzky wa hoki ya barafu, alistaafu 1999 na magoli 894 na hakuna aliyempita mpaka Ovechkin mwaka 2025, ila vijana wangu hoki ya barafu hawajawahi kuiona hata kwenye tv. Nataka mtu ambaye alichokifanya hata mkimbiaji wa huku anakutana nacho. Nianze na nani?

Binti_Kiboriloni
Ticha anza na Terry Fox wala usihangaike. Huyu kijana alikutwa na saratani ya mfupa akiwa na miaka 18, mwaka 1977, wakamkata mguu wa kulia juu ya goti. Kule wodini akaona watoto wadogo wanavyoteseka na ugonjwa huohuo, akatoka na nia moja tu, avuke Kanada nzima kwa miguu kuchangisha hela ya utafiti. Tarehe 12 Aprili 1980 akaanzia St. John's mashariki kabisa, na karibu kila siku alikuwa anapiga umbali wa marathoni nzima. Na mguu wa bandia wa enzi zile si kama hivi vyepesi unavyoona paralimpiki saivi, ule ulikuwa mzito una springi ndani, ukikanyaga unasubiri springi irudi ndo uendelee, kwa hiyo alikuwa anaruka mara mbili kwa mguu mzima halafu mara moja kwa ule wa bandia, hivohivo kilomita 42, kigutu kinachubuka mpaka damu na kesho yake asubuhi yuko barabarani. Tafuta video yake uwaonyeshe, ule mwendo wakiuona mara moja hawausahau aisee.

Alifika karibu na mji wa Thunder Bay, siku 143 na kilomita 5,373, saratani ikawa imeingia mapafuni akalazimika kusimama. Alikufa Juni 1981 na miaka 22. Alikuwa ameomba kila Mkanada atoe dola 1, na kabla hajafa zilishapita milioni 24, yaani sawa na idadi ya watu wa nchi yake wakati ule. Tangu mwaka huohuo kila Septemba watu wanakimbia kwa jina lake, hakuna mshindi wala zawadi wala kupimana muda, na zimeshapatikana zaidi ya dola milioni 850. Kwa mimi huyu ndo kabadilisha maana ya kukimbia. Mtu aliye na kilo 100 na mama mwenye mtoto mgongoni wanatoka siku moja na mkimbiaji na wote wana sababu ya kuwa pale.

Mbio_Ngaramtoni
Namkubali Terry Fox ila swali la ticha ni kitu ambacho mkimbiaji wa huku anakutana nacho, na hapo jibu ni Ben Johnson. Seoul 1988 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, dunia nzima ikasimama, siku 3 baadaye kanyang'anywa dhahabu, kakutwa na stanozolol, dawa ya kujenga misuli iliyokatazwa. Serikali ya Kanada haikulifunika, ikaunda tume chini ya jaji Dubin, kocha wake Charlie Francis akasema hadharani kwamba dawa walianza tangu 1981. Sasa fikiria, miaka yote hiyo hajakamatwa kwa sababu upimaji ulikuwa zaidi siku ya mashindano na wao walijua lini waache. Baada ya hapo ndo kupima ghafla nje ya mashindano kukapewa uzito, na leo shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni makao yake makuu yako Montreal. Mi nafanya mazoezi huku Arusha na naona wenzangu wakubwa walioko kwenye orodha ya kupimwa, lazima kila siku waandike saa moja ambayo watapatikana sehemu fulani, mpimaji anaweza kugonga mlango alfajiri. Hilo limetokana kwa kiasi kikubwa na aibu ya Seoul.

Kikapu_Kaloleni
Mkuu kwa nini uwafundishe watoto habari za mwizi? Kama ni mita 100 mpe Donovan Bailey, Atlanta 1996 dhahabu kwa 9.84 rekodi ya dunia, halafu na wenzake wakawapiga Wamarekani kwao kwenye 4x100. Na basketi mmeisahau kabisa, aliyeibuni ni Mkanada, James Naismith, 1891 akiwa Massachusetts, na mchezaji bora (MVP) wa ligi ya basketi ya NBA wa 2025 ni Mkanada Shai Gilgeous-Alexander.

Mbio_Ngaramtoni
Mkuu watoto wanatakiwa wamjue, tena mapema. Bailey ni mshindi safi, namheshimu, ila kijana wa miaka 17 anayeanza kupata majina kwenye mbio za mtaani hatari yake si mtu anayeonekana mbaya, ni mtu anayeonekana mwema anayempa kidonge akamwambia ni vitamini.

Ticha_Pasua
Asanteni sana wote. Basi ijumaa nawapa Terry Fox na video yake, ijumaa inayofuata Ben Johnson na Bailey pamoja kwa sababu naona hawatenganishiki. Basketi nitamwachia mwenzangu. Mbio_Ngaramtoni hiyo ya vitamini imenigusa, maana wapo watu wanawafuata hawa vijana baada ya mashindano na mi huwa sijui wanawaambia nini.

Mbio_Ngaramtoni
Ticha weka sheria leoleo, chochote cha kumeza au kuchomwa wanachopewa na mtu wa michezo, hata unga wa kuchanganya na maji, wakuletee wewe kikiwa bado kwenye pakiti yake. Kisicho na pakiti wasikiguse. Na waambie kwenye riadha ukikutwa na dawa mwilini ni wewe unayefungiwa, hata kama aliyekupa alikudanganya.