Kamera ndogo ya digitali: picha za ndani zinatoka na ukungu. Imechoka, au mimi ndiye nakosea?

Binti wa Mwisho:
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mwenye uzoefu na hizi kamera ndogo za mfukoni anisaidie.

Dada yangu aliniachia kamera yake ya zamani. Ni ya megapikseli 10, zumu mara 4, inatumia betri mbili za AA. Haina mkwaruzo na lenzi inatoka na kurudi vizuri. Nje kwenye mwanga picha zake zinapendeza mno, majani ya mti unaweza kuyahesabu. Shida ni ndani ya nyumba. Jumapili nilimpiga baba picha 40 akiwa amekaa sebuleni jioni. Nilipozihamishia kwenye kompyuta, za maana zilikuwa tatu. Zilizobaki zote uso una ukungu, halafu kila kitu kimekuwa cha njano.

Najua nitaambiwa nitumie simu. Simu ninayo. Ila baba ana miaka 81, na ukimwelekezea simu anageuza uso, anasema unamrekodi. Akiiona kamera anajiweka sawa mwenyewe, anafunga kifungo cha juu cha shati, anatulia. Hizo ndizo picha ninazozitaka. Baada ya wiki mbili ndugu wote tunakutana nyumbani, na sijui lini tena tutakuwa wote mbele yake.

Kwa hiyo naomba kujua: kamera imechoka? Ninunue nyingine ya bei ya kawaida? Na kwa nini betri mpya kabisa zinakata baada ya picha hamsini hivi?

Kaka Haraka:
Achana nayo. Simu yoyote ya kati ya sasa hivi inaishinda hiyo usiku. Pesa ya kamera kanunulie kitu kingine.

Mzee wa Studio:
Dada, usinunue chochote kwanza. Nijibu haya. Ulisimama umbali gani, na zumu uliivuta? Kitufe unakibonyezaje? Kwenye skrini kulikuwa na alama yoyote kabla ya kupiga?

Binti wa Mwisho:
Shikamoo mzee. Nilisimama mlangoni, kama mita nne, nikavuta zumu hadi mwisho ili nisimsumbue. Kitufe nakibonyeza mara moja tu hadi chini. Flashi niliizima kwa sababu inamuumiza macho. Alama ipo, kuna mkono mwekundu unaotikisika pembeni ya skrini. Nilidhani ndivyo ilivyo siku zote.

Mzee wa Studio:
Marahaba mwanangu. Kamera yako ni nzima. Huo mkono mwekundu ulikuwa unakuambia ukweli muda wote: "mwanga hautoshi, nitachelewa kufunga, na mkono wako utatikisika."

Anza na zumu, maana ndiyo iliyokuharibia nyingi. Lenzi za kamera hizi zikiwa hazijavutwa huwa na tundu la f/2.8 au karibu na hapo. Ukivuta hadi mwisho, tundu linabana hadi f/5.6 hivi. Maana yake mwanga unaoingia umebaki robo. Pale ambapo kamera ingepiga kwa 1/60 ya sekunde, sasa inahitaji 1/15. Na kwa 1/15, lenzi ikiwa imevutwa, hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi hicho. Kibaya zaidi, zumu inakuza mtikisiko pamoja na sura. Ulikuwa unamwonea huruma baba kwa kukaa mbali, na kumbe umbali ndio uliokunyima uso wake. Rudisha zumu mwanzo kabisa, kisha sogea kwa miguu hadi mita moja na nusu hivi. Usizidishe kusogea, maana lenzi ikiwa haijavutwa ukiikaribia sana sura pua inakuwa kubwa.

Pili, kitufe. Kina hatua mbili. Kibonyeze nusu, utakihisi kinagota kidogo, usubiri. Hapo lenzi inaenda mbele na nyuma ikitafuta mahali ambapo kingo za vitu zinaonekana kali kuliko kwingine. Ikipata, unasikia mlio na kimraba kinageuka kijani. Ndipo unamalizia kubonyeza, polepole, bila kukivamia. Ukikigandamiza mara moja unakuwa umeilazimisha kukisia. Na kwa kuwa inatafuta kingo, usiilenge kwenye shati jeupe wala shavu, haitapata cha kushika. Lenga ukosi wa shati, fremu ya miwani, au jicho lenyewe. Fokasi ikishashika, endelea kushikilia nusu hiyo hiyo huku ukipanga picha upya unavyotaka. Angalia pia kidole cha kushoto kisizibe kile kitaa kidogo cha rangi ya machungwa kilicho mbele, ndicho kinachoisaidia kuona gizani.

Tatu, dirisha. Mkalishe kiti chake ubavuni mwa dirisha mchana, mwanga umpige upande mmoja wa uso. Usimwekee dirisha mgongoni, atatoka kivuli kitupu. Nimepiga picha za wazee miaka mingi, na hakuna taa inayoipenda mikunjo ya uso wa mzee kama dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja.

Njano ni rahisi. Kwenye menyu tafuta mizania ya weupe (white balance), iko kwenye otomatiki. Ukiwa chini ya balbu za njano chagua alama ya balbu. Ukitoka nje irudishe, la sivyo kila mtu atakuwa wa bluu.

Mama Mapacha:
Naongezea la Mzee. Kama kuna meza au stuli, weka kamera juu yake, washa kipima muda cha sekunde mbili, bonyeza, ondoa mkono kabisa. Mimi ndivyo ninavyowapiga wanangu wakiwa wamelala bila flashi na hazitikisiki. Wakiwa macho haifai, maana kamera ikitulia na mtoto hatulii bado unapata ukungu, ila wa mtoto. Kwa mzee anayekaa kimya itakufaa sana.

Fundi Redio:
Kuhusu betri: umeweka za alkali za kutupa, sivyo? Hizo zinafaa kwenye saa ya ukutani na rimoti, vitu vinavyonyonya kidogo kidogo. Kamera inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, hasa lenzi ikitoka na flashi ikijichaji. Betri ya alkali ikivutwa hivyo volti zake zinashuka ghafla, kamera inadhani zimeisha na kujizima. Ukizitoa ukaziweka kwenye saa, utaona zinaendesha miezi.

Nunua za kuchaji aina ya NiMH, kiasi cha mAh 2000 (ndicho kipimo cha chaji inayobebwa na betri), zile zilizoandikwa kwamba hazipotezi chaji zikikaa. Ni volti 1.2 badala ya 1.5, usiogope, zinashikilia hiyo 1.2 karibu hadi mwisho na ndicho kamera inachotaka. Nunua nne, mbili ndani, mbili mfukoni. Usichanganye ya zamani na mpya. Na kabla ya yote, futa zile sehemu za chuma zinazogusana na betri kwa kitambaa kikavu. Betri zikikaa humo muda mrefu zinavuja chumvi nyeupe inayozuia umeme.

Kaka Haraka:
Sawa, lakini bado nasema. Sensa ya kamera hizo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, ni milimita 6 kwa 4.5 hivi. Simu nyingi sasa zina kubwa kuliko hiyo, halafu zinapiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha. Mnamshauri ahangaike bure.

Mzee wa Studio:
Kaka, kwenye giza bila flashi uko sahihi, sibishani. Lakini soma tena alichoandika: baba yake anafunga kifungo cha shati akiiona kamera. Hilo simu haimpi. Na kuna jambo moja la kiufundi ambalo kamera hizi bado zinalo: flashi yake ni ya ksenoni, inawaka kwa muda mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo inagandisha mtu hata akiwa anacheka na kugeuka. Taa ya simu haifanyi hivyo.

Dada, siku ya ndugu kukutana usiku utaihitaji hiyo flashi. Inafika mita tatu hivi, zaidi ya hapo unapoteza betri. Kwa macho ya baba, bandika kipande cha karatasi laini nyeupe mbele ya flashi, mkunjo mmoja tu, mwanga utalainika. Lakini sogea zaidi kidogo, kwa sababu karatasi inakula sehemu ya mwanga.

Ndugu Mtumba:
Kwa wengine mnaopita hapa mkitafuta ya kununua iliyotumika, haya nimejifunza kwa hasara. Niliwahi kununua kamera nzuri kweli, nafika nyumbani nagundua inakula kadi ya kumbukumbu ya aina ya xD. Kadi hizo zilitumika na Olympus na Fujifilm za miaka ya 2000, leo kuipata ni kazi, na ukiipata ni ndogo. Sony za wakati huo zina Memory Stick, nayo ni vivyo hivyo. Chukua ya SD. Hata hiyo angalia mwaka: SDHC, yaani kadi za zaidi ya GB 2 hadi 32, zilikuja 2006. Kamera za kabla ya hapo kwa kawaida hazizisomi, zinataka GB 2 kushuka chini.

Mbele ya muuzaji, iwashe na kuizima mara tano. Sikiliza lenzi. Ikikwaruza kama ina mchanga, iache hapo hapo, maana mchanga ukiingia kwenye zile pete lenzi itakwama siku moja ikiwa nje na haitarudi. Kisha piga ukuta mweupe na uikuze picha. Madoa meusi yanayorudi mahali pale pale kila picha ni vumbi lililoingia hadi kwenye sensa. Mulika lenzi kwa tochi pia, ukiona nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu.

Na msidanganywe na megapikseli. Picha ya kusafishwa ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji megapikseli 2 tu na kidogo. Ukiwa na cha kuongeza, kiongeze kwenye lenzi na sensa. Canon PowerShot S90 ya 2009 au Panasonic Lumix LX3 ya 2008 zina megapikseli 10 tu, lakini lenzi inaanzia f/2.0, mwanga mara mbili ya f/2.8, na sensa ni kubwa kidogo. Ndani ya nyumba zinaipita nyingine ndogo yenye 20.

Binti wa Mwisho:
Wakuu nimerudi. Sijanunua kamera, nimenunua betri nne na chaja yake.

Leo saa nne asubuhi nimemkalisha baba karibu na dirisha la sebule, zumu mwanzo, nimechuchumaa karibu naye. Nimelenga fremu ya miwani, nimesubiri kimraba cha kijani. Mkono mwekundu haukutokea hata mara moja. Nimepiga 22 na 17 zimekubali. Kuna moja ameshika kikombe kwa mikono miwili, anatazama nje, unywele mweupe mmoja mrefu wa nyusi unaonekana peke yake. Nimeitazama muda mrefu sana. Mzee wa Studio, Mungu akuweke. Kaka Haraka nawe asante, nilijifunza kitu kwenye ile habari ya sensa.

Maswali mawili madogo. Jana usiku nilijaribu flashi bila karatasi wakati tunafagia, picha imejaa miduara meupe inayoelea hewani. Lenzi imeharibika? Na picha zote zinaonyesha ni tarehe 1 Januari ya mwaka ambao hata mtoto wangu hajazaliwa.

Mama Mapacha:
Miduara ni vumbi la kufagia. Flashi iko jirani sana na lenzi, kwa hiyo kila chembe iliyo karibu inarudisha mwanga moja kwa moja. Acha vumbi litue, au zima flashi. Lenzi yako haina neno.

Fundi Redio:
Tarehe inajifuta kamera ikikaa muda mrefu bila betri. Baadhi zina kabetri kadogo ka duara kwa ajili ya saa tu, angalia pembeni ya chumba cha betri kama kuna kamfuniko. Kakiisha, saa inarudi mwanzo kila unapobadilisha betri kubwa. Kama huna kamfuniko hako, weka betri zenye chaji uziache humo siku nzima, hazina ndogo ya umeme iliyo ndani itajaa. Kisha panga tarehe na saa kabla ya siku ya ndugu, kwa sababu tarehe inaandikwa ndani ya kila picha, na kuzirekebisha baadaye moja moja ni adhabu.

Jambo jingine la siku hiyo: nakili picha zote kwenye kompyuta, hakikisha zinafunguka, ndipo uifute kadi kwa menyu ya kamera yenyewe, si kwa kompyuta. Na tazama ubavuni mwa kadi, kile kiswichi kidogo kisiwe upande wa kufunga, la sivyo kamera itakataa kuandika wakati watu wameshajipanga.

Binti wa Mwisho:
Kamfuniko kapo. Kabetri nimekatoa, nitatafuta kama hako. Kwa sasa nimepanga tarehe ya leo na saa, na nimempiga baba nyingine moja ili nihakikishe. Imeandika sawa.