Kabati la arusi kutoka Normandie: fundi anataka kulikata

Mkaazi wa Kileleshwa:
Wanajukwaa, hamjambo. Familia moja ya Kifaransa iliyokuwa ikihama Nairobi ilituuzia kabati kubwa la mwaloni, ikisema ni kabati la arusi la kale kutoka Normandie, jimbo la kaskazini mwa Ufaransa. Juu ya milango yake miwili wamechongwa njiwa wawili waliokaribiana midomo katikati ya kikapu cha maua, na pembeni yameteremka masuke ya ngano. Halipiti mlangoni petu, ghorofa ya nne, na fundi tuliyemwita anashauri akate miguu na taji la juu, kisha apige msasa na vanishi ling'ae. Je, tumruhusu? Na nakshi hizo zina maana gani?

Seremala Mstaafu:
Ndugu yangu, msumeno usiliguse. Makabati hayo kwa kawaida yaliungwa kwa ndimi na matundu, yakakazwa kwa vigingi vya mbao, makusudi yaweze kufunguliwa bibi arusi akihamia kwa mumewe. Toeni milango kwanza, ambayo mara nyingi huinuliwa tu kutoka kwenye bawaba zake ndefu, kisha gongeni vigingi taratibu kutoka ndani kwa kijiti cha mbao ngumu. Kila kigingi kiandikwe alama kwa chaki pamoja na tundu lake, kwani vilichongwa kwa mkono na havibadilishani. Msasa utakula makali ya nakshi pamoja na ile rangi ya uzee ambayo ndiyo thamani yenyewe. Nta ya nyuki na kitambaa laini vinatosha. Mkiona unga mweupe mpya chini ya vitundu vidogo, mbao bado zinabunguliwa, na hilo litibiwe kabla ya lolote.

Binti wa Lamu:
Njiwa ni mapenzi ya wawili, masuke na zabibu ni neema ya nyumba. Penye podo la mishale na mwenge, hiyo ni ishara ya mapenzi na ndoa kutoka kwa Warumi wa kale. Desturi ilishamiri karne ya 18 na ya 19: binti alijaza kabati mashuka na taulo za kitani, zikiwa zimedariziwa herufi za jina lake, mara nyingi kwa uzi mwekundu. Husimuliwa pia kwamba baba alikata mwaloni siku binti alipozaliwa. Mimi naichukulia kama hadithi ya wauzaji, ingawa ni kweli mbao hizo zahitaji miaka kukauka. Sisi wa pwani tulikuwa na kasha la msaji lenye njumu za shaba, mengi yakiletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, ila kasha hufungwa likaficha dhahabu na leso, na kabati la Normandie lilifunguliwa wageni wakahesabu mashuka.

Mkaazi wa Kileleshwa:
Ahsanteni sana. Droo ya chini imefungwa na ufunguo haupo. Tuvunje kitasa?

Seremala Mstaafu:
La. Ondoeni mbao za mgongoni, droo mtaifikia kwa nyuma.