Mume ni mwanajeshi wa Marekani, anataka nisaini talaka haraka. Pensheni yake nina haki nayo?

Mama Kahawa West (mwenye uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Nimesoma nyuzi nyingi humu za talaka, lakini zote ni za waume walio hapa hapa: KDF, polisi, walimu. Yangu imevuka bahari.

Tulifunga ndoa Sheria House mwaka 2004. Mzee akapata grini kadi ya bahati nasibu, akaenda, na Oktoba 2006 akaingia jeshi la nchi kavu la Marekani. Nilimfuata 2009, tukaishi Texas, karibu na Killeen. 2017 nikarudi Nairobi na watoto kwa sababu mama yake aliugua na hakukuwa na wa kumtunza. Nilimuuguza hadi tukamzika. Baada ya hapo kila nikiuliza habari ya kurudi, naambiwa mwakani.

Sasa kanitumia karatasi kwa barua pepe. Kesi ya talaka ameshaifungua huko Texas. Anataka nitie saini mbele ya wakili mwenye mhuri, nizirudishe kwa DHL, naye atanitumia dola 8,000 na ploti ya Kamulu iwe yangu. Ukurasa wa kwanza unasema nimekubali nisipelekewe hati za kesi wala kuarifiwa siku ya kusikilizwa. Ukurasa wa tatu una mstari mmoja tu kuhusu kazi yake: kila mtu abaki na mafao yake ya uzeeni. Mimi mafao sina. Nauza vitenge.

Nikimuuliza, ananiambia pensheni ni ya aliyebeba bunduki. Ni kweli? Na kwa nini nisiipeleke kesi mahakama ya Milimani tu, nimalizane naye hapa?

Kipara wa Umoja

Dola 8,000 chukua, mama. Wakili wa Marekani utamlipa na nini, vitenge?

Mke wa Afande

Kipara, nyamaza kidogo. Dada, pole sana. Mimi wangu alikuwa KDF. Ya hapa hulipwa na Idara ya Pensheni kule Hazina ya Taifa, na tulipoachana pensheni yenyewe ya kila mwezi haikuguswa. Tulichogombania ni nyumba aliyojenga kwa mkupuo wa kustaafu, kwa kuwa ilijengwa tukiwa pamoja na mimi ndiye niliyesimamia mafundi. Kwa hiyo naona mzee wako anaongea Kikenya akiwa jeshi la watu wengine. Ngoja wanaojua ya huko waje.

Killeen254

Nimekuja. Nimetumikia hilo jeshi na nimeshuhudia talaka za wenzangu nyingi kuliko harusi.

Dada, USISAINI. Hilo kwanza, mengine baadaye.

Habari ya aliyebeba bunduki ilikuwa kweli kwa mwaka mmoja hivi. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya McCarty, ilisema mahakama za majimbo haziwezi kugawa pensheni ya jeshi. Bunge lao likajibu 1982 kwa sheria inayoitwa kwa kifupi USFSPA, ikayaruhusu majimbo kuihesabu kuwa mali ya ndoa. Na Texas ni jimbo ambalo kilichochumwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Mmefunga ndoa 2004, yeye kaingia jeshini 2006. Maana yake hakuna hata siku moja ya utumishi wake iliyo nje ya ndoa yenu. Jaji wa Texas hagawi lazima nusu kwa nusu, anagawa kwa anavyoona ni haki, lakini ukiwa hukujibu kesi anaona upande mmoja tu.

Sasa uangalie kalenda. Oktoba 2026 anatimiza miaka 20. Hapo ndipo anapata pensheni kamili: asilimia 2.5 kwa kila mwaka, yaani nusu ya wastani wa ile miezi 36 aliyolipwa mshahara mkubwa zaidi. (Kama alihamia mpango mpya ulioanza 2018 ni asilimia 2.0, ila huko serikali humchangia kwenye TSP, akiba yake ya uzeeni.) Hulipwa kila mwezi hadi afe. Dola 8,000 kwa sajini wa miaka 20 ni kama miezi michache ya hiyo pensheni. Ndiyo maana ana haraka.

Kuna jambo jingine ambalo hakukwambia. Wakati wa talaka ikiwa ndoa ina miaka 20, utumishi una miaka 20, na vyote viwili vimekwenda pamoja kwa miaka 20, mke aliyeachwa anabaki na matibabu ya Tricare, bima ya afya ya jeshi, na haki ya maduka ya kambini, mradi hajaolewa tena na hana bima ya mwajiri. Talaka ikitoka Septemba 2026, umekosa. Ikitoka Novemba, umepata.

Mgeni_Rasmi

Mimi nilisikia ukifikisha miaka 10 ya ndoa nusu ni yako moja kwa moja. Huyu ana zaidi ya 20, anaogopa nini?

Killeen254

Mkuu, hilo ndilo linalopoteza wengi. Miaka 10 ya ndoa iliyopishana na miaka 10 ya utumishi haikupi fungu lolote. Inaamua tu nani anakulipa. Ukiwa nayo, ofisi ya malipo ya jeshi, DFAS, inakutumia wewe mwenyewe, hadi asilimia 50 ya pensheni inayogawika. Usipokuwa nayo, fungu unaweza kupewa na jaji bado, ila unamsubiri mume akulipe kwa mkono wake. Na kwa vyovyote lazima fungu liandikwe kwenye amri ya mahakama. Pasipo amri, DFAS hawakujui.

Wakili Chipukizi

Naongezea upande wa hapa nyumbani. Milimani unaweza kufungua kesi ya talaka, lakini kwa hiyo pensheni haitakufaa. Sheria ya Marekani inaitambua amri ya mahakama ya nje pale tu nchi hiyo ina mkataba na Marekani wa kuheshimiana amri. Pia inataka mahakama iwe na mamlaka juu ya mwanajeshi mwenyewe kwa makazi yake ya kudumu au kwa ridhaa yake, si kwa sababu tu jeshi limempanga hapo. Hapa mzee amekurahisishia: amekwenda Texas kwa miguu yake akafungua kesi, hawezi tena kusema mahakama hiyo haimhusu.

Ploti ya Kamulu ni hadithi nyingine. Hiyo ni ya mahakama za hapa, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Ikiwa imeandikwa jina lake peke yake na ilinunuliwa ndani ya ndoa, sheria inachukulia kwamba anaishika kwa niaba yako pia, hadi athibitishe vinginevyo. Ila usiende ukiamini hamsini kwa hamsini ni za bure. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema Januari 2023 kwamba kila mmoja athibitishe mchango wake. Kulea watoto na kutunza nyumba kunahesabika katika sheria yenyewe. Kumuuguza mama mkwe nako kuandike. Stakabadhi za hospitali unazo? M-Pesa za fundi wa ukuta? Weka kaushoni, yaani zuio la kuiuza au kuihamisha, kwenye ardhi hiyo kwanza. Asikupe zawadi kitu ambacho huenda ni chako tayari.

Mama Kahawa West

Mungu awabariki. Stakabadhi ziko kwenye sanduku la bati, zote. Maswali mawili. Akifa je? Na amekuwa akilalamika mgongo na masikio, anasema atapewa malipo ya ulemavu na hayo hayagawiki. Ananitisha?

Killeen254

Kwa ulemavu hakutishi bure. Mstaafu akiacha sehemu ya pensheni ili apokee malipo ya ulemavu, sehemu hiyo haigawiki, na Mahakama ya Juu yao ilisema 2017, kesi ya Howell, kwamba jaji hawezi kumlazimisha akufidie. Lakini akiwa na miaka 20 na ulemavu wake ukipimwa asilimia 50 au zaidi, hupokea vyote viwili, pensheni haipungui. Kwa hiyo muulize wakili wako hilo kwa jina: CRDP.

Kifo ndicho kibaya zaidi. Fungu lako la pensheni linakufa naye siku hiyo hiyo. Kinachokulinda ni SBP, mpango wa mafao ya mjane, unaolipa hadi asilimia 55. Amri ya talaka iseme waziwazi kwamba wewe ndiye mnufaika kama mke wa zamani. Halafu usimwamini kupeleka fomu. Peleka yako mwenyewe, DD 2656-10, ndani ya mwaka mmoja tangu amri itoke. Mwaka ukipita, mlango umefungwa, hata kama jaji aliandika kwa wino wa dhahabu. Ukiolewa kabla ya miaka 55, SBP inasimama. TSP nayo ina amri yake, isisahaulike.

Wakili: ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi humshauri mke bila malipo, ingawa haikusimamii mahakamani, na kama mzee ameshaingia hapo watakuelekeza kambi nyingine. Kesi yenyewe inataka wakili wa kulipwa. Mwambie aombe jaji aamuru mume achangie gharama, Texas hilo lipo. Na kama ameacha kutuma matumizi, kanuni ya jeshi namba 608-99 inamlazimu kutunza familia hata sasa. Barua kwa kamanda wake husomwa haraka kuliko barua kwa shemeji zake.

Kipara wa Umoja

Nimefuta kauli yangu. Mama, akileta mtu wa kukukabidhi hati mlangoni je?

Killeen254

Asikimbie. Akishakabidhiwa, jibu liwe limeingia mahakamani kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Saa nne ya Texas, si ya Nairobi. Dada, njoo faragha nikupe namna ya kutafuta mawakili wa kaunti ya Bell wanaoshika kesi za wanajeshi. Ukija, uwe na picha ya cheti cha ndoa na zile karatasi zake zote, na ule ukurasa wa tatu.