Naomba ushauri: azimio la pongezi kwa karani wa kamati anayestaafu

Habari wakuu. Kuna rasimu ya azimio la kumpongeza karani wa kamati ya bunge anayestaafu, nami nimekwama kwenye aya za "Kwa kuwa", yaani zile za mwanzo zinazotaja sababu za pongezi.

Azimio la namna hii halina nguvu ya sheria wala haliongezi mafao, ila linabaki kwenye kumbukumbu rasmi za vikao, kwa hiyo kila neno lina uzito. Ugumu ni kwamba kazi ya karani haionekani: mswada hubeba jina la mbunge, si la aliyekesha akilinganisha marekebisho na sheria mama, yaani ile inayorekebishwa. Nikiandika "alitunga sheria", si kweli, maana wanaotunga ni wabunge. Nikiutaja mswada uliozua mvutano, upande mmoja unaweza kukataa, na azimio la pongezi likikosa ridhaa ya wote linamwaibisha mhusika.

Kwa sasa zipo aya sita: miaka ya utumishi, vyeo, kazi za uandishi na utafiti, kuwafundisha makarani wapya, kutopendelea upande, familia. Kisha "Kwa hiyo, iazimiwe", na kifungu cha kumkabidhi nakala yenye muhuri. Tarehe na tahajia ya jina zimehakikiwa kwenye jalada la ajira, kwa sababu kosa likishapitishwa halifutwi kwa kuchapa upya tu.

Je, nitaje miswada yoyote, au nieleze aina ya kazi tu? Na aya ya familia ikae, au inafaa zaidi kwenye hotuba ya mtoa hoja?