Mrejesho: modemu sasa inakata simu

Wakuu, niliuliza kwa nini programu yangu ya GW-BASIC (lugha ya zamani ya kuandikia programu) inapiga simu vizuri kwa modemu ya zamani lakini haikati. Kila nikituma ATH (amri ya kukata simu), herufi hizo zilitokea kwenye skrini ya upande wa pili kama maandishi ya kawaida.

Mdau aliyesema nitazame mwisho wa mstari alipiga penyewe. Niliandika "+++" bila nukta mkato (;) mwishoni, BASIC ikaongeza kodi 13 (alama ya kumaliza mstari, kama kubonyeza Enter) papo hapo. Kumbe modemu inataka kimya cha sekunde 1 kabla na baada ya jumlisha hizo tatu, ndipo iache kupitisha data na kusikiliza amri. Sasa iko hivi:

200 T=TIMER: WHILE TIMER-T<2: WEND
210 PRINT #1,"+++";
220 T=TIMER: WHILE TIMER-T<2: WEND
230 PRINT #1,"ATH"

ATH haiwekewi nukta mkato, maana bila kodi 13 haitekelezwi. Jana nilijaribu mara kumi kwa modemu mbili kwenye laini za ndani za ofisini: OK ikarudi, taa ya CD (inayoonyesha simu imeunganika) ikazimika, mara zote kumi. Nilifurahi mno!

Lile kosa la Device Timeout nililopata nikifungua COM1 (mlango wa kompyuta unaounganishwa na modemu) nalo liliondoka nilipoongeza CS0,DS0 kwenye amri ya OPEN, ili BASIC isisubiri ishara za modemu. Asanteni sana, hasa wewe wa nukta mkato.