Naomba ushauri: mashine ya kuchuja maji ya bahari, Tudor

Kisimani: Assalam aleikum wenzangu. Nina nyumba ya kupangisha Tudor, Mombasa, milango 24. Mfereji watoa maji mara moja kwa wiki, kisima kimeingia chumvi, wapangaji wananunua mitungi kila asubuhi. Nimepata mashine ya kuchuja maji ya bahari: yavuta lita 50,000 kwa siku, yatoa 20,000 za kunywa. Jirani kaniambia nitaua bahari. Lita hizo kweli zaua bahari? Silali.

MamaZuhura: Fanya, baba. Mwanangu alilazwa siku nne na kipindupindu tulipokuwa twanunua maji ya mkokoteni tusojua yametekwa wapi. Alivyokonda vile, hadi leo nikikumbuka nalia. Maji safi kwanza, samaki baadaye.

FundiBomba: Umeme umepigia hesabu? Hata mitambo mikubwa hula kama uniti 3 hadi 4 kwa kila lita 1,000, midogo zaidi. Na zile lita 30,000 zinazobaki zaenda wapi?

Kisimani: Zinarudi zilikotoka.

FundiBomba: Taja mahali.

Kisimani: Horini, ule mkono wa bahari nyuma ya nyumba, kwenye mikoko. Bomba lishalazwa na arubuni nishatoa, sina pesa za kulifikisha bahari kuu. Lakini maji si hujaa na kupwa mara mbili kwa siku? Yatajisafisha.

NahodhaMstaafu: Hori hilo nimelivua tangu utotoni. Siku za bamvua, yakijaa na kupwa sana, maji hutoka kwa kasi, sikatai. Maji mafu je, yanapojaa na kupwa kidogo tu? Siku hizo hata jani likianguka asubuhi, jioni utalikuta karibu na palepale.

FundiBomba: Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Ukitoa zile tamu, chumvi yote yabaki kwenye 30,000: karibu gramu 58. Maji hayo ni mazito, hutambaa chini na kutuama kwenye vishimo, kwa kaa na vifaranga vya kamba. Ongeza dawa za kuoshea vichujio. Hori zima halitakufa, ila pale linapotema bomba lako pataumia. Wanaojali hutoa penye kina na mkondo, kwa matundu mengi. Tathmini ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya mazingira, unayo?

MwanaKibokoni: Mimi sisadiki. Akaunti ya jana, mashine kubwa, na swali la NEMA halijibiwi. Huyu ni muuzaji atupima.

MamaZuhura: Awe muuzaji, asiwe. Mtoto wangu si hadithi.

Kisimani: Si muuzaji, na tathmini sina. Bomba ni la inchi mbili, lapita chini ya mkoko ambao marehemu babangu akifungia mtumbwi. Nilikata mizizi mitatu kulipitisha. Ndilo sikutaka kulisema. Fundi, nikishuka hadi lita 5,000, za kunywa na kupikia tu?

FundiBomba: Afadhali, lakini si hapo. Usiwashe. Nitakuja siku ya maji mafu na kipima chumvi, tuanzie penye mizizi hiyo.