Naomba ushauri: mazoezi na mimba ya miezi mitano

Habari zenu wapendwa, hii ndo mimba yangu ya kwanza na nilikuwa nimezoea kukimbia asubuhi, nesi wa kliniki kasema nisiache mazoezi ila nitembee haraka kiasi ambacho bado naweza kupiga stori, kama dakika 150 hivi kwa wiki, nisifanye ya kulala chali, na nikiona damu au kizunguzungu niache niwahi hospitali. Sasa kasheshe ni mama mkwe, akiniona tu navaa raba "we mwanangu utaitoa hiyo mimba!" Wakati nikitembea mgongo unapoa na hata choo napata vizuri, nikishinda ndani miguu inavimba kama maandazi. Mliopitia hii mlimwelewesha vipi mkwe bila ugomvi? Na skwati je, mlipiga hadi mwezi wa ngapi?